Jinsi ya kujenga mfumo wa wavuti wa biashara: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaojenga mfumo wao wa kwanza wa biashara hukwama mahali pale pale. Siku ya kuonyesha kazi, kurasa zinapendeza na mwenye mali anaridhika. Wiki chache baadaye hesabu ya stoo kwenye skrini haifanani na mzigo uliopo, makarani wawili wameuza katoni moja ile ile, ripoti ya mauzo inapishana na fedha zilizopokelewa, na wafanyakazi wamerudi kwenye daftari kimyakimya.

Wanapoomba msaada huuliza kama wabadilishe lugha ya programu au wahamie seva yenye nguvu zaidi. Karibu kila mara jibu ni hapana. Mfumo umeharibikia kwenye data: umehifadhi matokeo na kuyatupa matukio yaliyoyaleta, tena ulijengwa kabla mjenzi hajaiona kazi yenyewe inavyofanywa.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: biashara ya jumla yenye stoo moja, makarani wa mauzo, mtunza stoo, mhasibu na mwenye mali, inayouza kwa taslimu na kwa mkopo. Kama unajengea kliniki, shule au karakana, majina ya majedwali yatabadilika ila mpangilio wa hatua utabaki huu huu.

## Andaa hivi kwanza

- Fremuwaki (kiunzi cha msimbo ulio tayari cha kujengea mfumo) moja unayoimudu. Django kwa Python au Laravel kwa PHP zinatosha kabisa. Zote mbili huja na uingiaji wa watumiaji, ulinzi wa fomu na utaratibu wa kubadilisha majedwali kwa mpangilio. Usijifunzie fremuwaki mpya kwenye kazi ya mteja.
- Kanzidata ya kihusiano, yaani inayotunza data kwenye majedwali yaliyounganishwa: PostgreSQL, au MySQL yenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data). SQLite ni nzuri, lakini inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ibaki kwenye majaribio yako.
- Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, tangu siku ya kwanza, hata kama uko peke yako.
- Mazingira mawili yaliyotengana: moja la majaribio, jingine la kazi halisi. Kanzidata mbili, manenosiri mawili.
- Jina la kikoa na akaunti ya seva, vyote vimesajiliwa kwa jina la biashara, si la kwako.
- Mahali pa kuweka nakala rudufu nje ya seva yenyewe.
- Nyaraka halisi za biashara: daftari, risiti, hati za kupokelea mzigo, faili za Excel.
- Mtu mmoja wa upande wa biashara mwenye mamlaka ya kuamua. Bila huyu usianze. Watu watatu wakikupa maagizo yanayopingana, utajenga mifumo mitatu ndani ya mmoja.

## Hatua ya 1: Iangalie kazi ikifanywa

Usianze kwa kumuuliza mwenye mali anataka mfumo gani, maana atakutajia skrini alizoziona kwingine. Kaa pembeni ya karani siku nzima, ikiwezekana siku yenye wateja wengi, uandike kila kinachotokea: nani anaandika, kwenye karatasi gani, karatasi inakwenda kwa nani, na ikikosewa inafanywa nini.

Maswali yenye faida kubwa ni ya yale yasiyo ya kawaida. Mteja akirudisha nusu ya mzigo? Akilipa zaidi ya anachodaiwa? Bei ikipunguzwa papo hapo, nani ameruhusu? Katoni ikilowa stoo, inaandikwa wapi? Mtandao ukikatika katikati ya mauzo, mteja anasubiri au anaondoka na mzigo? Njia ya kawaida utaigundua mwenyewe. Mfumo huangushwa na hizi nyingine.

Piga picha kurasa za daftari lao, kwa ruhusa, na uzisome taratibu. Kila safu ina sababu yake. Alama ya nyota pembeni mwa jina la mteja huenda ina maana kwamba asikopeshwe tena, na hiyo ni kanuni ya biashara ambayo hakuna atakayekumbuka kukutajia.

Umefaulu hapa utakapoweza kumsimulia karani safari ya mauzo moja, tangu mteja anapoagiza mpaka fedha zinapoingia vitabuni, naye asikusahihishe popote.

## Hatua ya 2: Weka mipaka ya toleo la kwanza

Chagua mtiririko mmoja unaowasumbua zaidi. Kwa biashara yetu ya mfano ni huu: kupokea mzigo, kuuza, kupokea malipo, kujua stoo imebaki na nini na nani anadaiwa. Mishahara na programu ya simu viandike kwenye orodha ya "baadaye" na orodha hiyo isainiwe pamoja na mkataba.

Mkataba useme mambo manne bila kuzungukazunguka: kitakachojengwa, jinsi pande zote zitakavyojua kwamba kimekamilika, msimbo utakuwa mali ya nani, na badiliko lisilokuwemo litaombwa na kulipwa vipi. Kipengele cha pili ndicho husahaulika. Andika kwa lugha inayopimika: "karani anamaliza mauzo ya bidhaa tano na kutoa risiti bila kuondoka kwenye skrini moja." Sentensi kama "mfumo uwe rahisi kutumia" italeta ugomvi.

## Hatua ya 3: Panga data kabla ya ukurasa wowote

Hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote. Ukurasa mbaya hurekebishwa kwa siku moja. Jedwali baya lililokwisha kujaa mauzo ya miezi sita litakusumbua kwa muda mrefu, kwa sababu taarifa ambayo hukuihifadhi hakuna namna ya kuirudisha.

Andika matukio, salio litokane nayo. Kosa linaloongoza ni safu iitwayo `idadi` ndani ya jedwali la `bidhaa`, inayopunguzwa kila mauzo na kuongezwa kila mzigo ukiingia. Siku hesabu inapokataa, unabaki na namba 37 isiyoweza kukueleza ilifikaje hapo. Unda jedwali la `matukio_ya_stoo`, ambalo kila mstari ni tukio moja: bidhaa gani, kiasi gani (chanya kikiingia, hasi kikitoka), kwa sababu gani (mapokezi, mauzo, marejesho, uharibifu, marekebisho ya hesabu), nani ameandika, lini, na kwa hati ipi. Salio ni jumla ya mistari hiyo. Ukitaka kuharakisha ripoti unaweza kuhifadhi salio pembeni, mradi liweze kukokotolewa upya kutoka kwenye matukio wakati wowote.

Fanya vivyo hivyo kwa madeni. Mteja hana safu ya `deni`; ana mauzo na ana malipo, na tofauti yake ndiyo deni.

Usifute wala kuhariri tukio. Mtunza stoo akipokea katoni 5 na kuandika 50, ongeza tukio la marekebisho la hasi 45 lenye jina la aliyelifanya na sababu. Wahasibu wamefanya hivi kwenye vitabu vya karatasi kwa karne nyingi, nao wana haki: kosa lililosahihishwa hadharani linaaminika kuliko ukurasa uliochanwa.

Bei ya mauzo ihifadhiwe ndani ya mauzo. Jedwali la `mistari_ya_mauzo` liwe na bei iliyotumika siku ile. Ukiitegemea bei iliyo kwenye `bidhaa`, siku bei itakapopanda risiti zote za zamani zitabadilika pamoja nayo, na ripoti ya mwaka jana itasema uongo.

Fedha zisihifadhiwe kwenye namba za nukta elea (float), ambazo huhifadhi desimali kwa makadirio. Jaribu `0.1 + 0.2` kwenye Python au JavaScript uone jibu: 0.30000000000000004. Ukijumlisha maelfu ya mistari ya namna hiyo, mhasibu atapata tofauti ndogo isiyoelezeka na atapoteza imani na mfumo mzima. Tumia aina ya `NUMERIC` au `DECIMAL`, au hifadhi namba nzima katika kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Angalia pia kwamba sarafu hazifanani: yen ya Japani haitumii desimali, dinari ya Kuwait ina desimali tatu.

Muda uhifadhiwe kwa UTC (saa ya marejeo ya kimataifa), uonyeshwe kwa saa za biashara. Hapa kuna mtego. Biashara iliyo saa 3 mbele ya UTC ikifanya mauzo saa saba usiku (01:00), kwenye UTC bado ni saa nne usiku (22:00) ya jana. Ripoti ya "leo" ikichujwa kwa tarehe ya UTC itayakosa mauzo hayo. Badilisha muda kwenda saa za biashara kwanza, kisha chuja.

Namba za simu ni maandishi. Hakuna atakayezijumlisha, na ukizihifadhi kama namba, sifuri ya mwanzo itapotea. Zihifadhi kwa mtindo wa kimataifa unaoanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Kiwango cha kimataifa cha namba za simu, E.164, kinaruhusu tarakimu zisizozidi 15.

Kanuni ziwekwe kwenye kanzidata yenyewe. Bei isiwe chini ya sifuri, mstari wa mauzo usiwepo bila mauzo, risiti mbili zisiwe na namba moja: yote haya PostgreSQL inaweza kuyakataa kwa vizuizi vya `CHECK`, `FOREIGN KEY` na `UNIQUE`. Ukaguzi kwenye fomu ni msaada kwa karani. Ukaguzi kwenye kanzidata ndio kinga, kwa sababu siku moja mtu ataingiza data bila kupitia fomu yako.

Jambo la mwisho ni namba za risiti. Namba zinazozalishwa na kanzidata huruka pale muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kama kitendo kimoja) unapoghairiwa. Kama mhasibu anadai mfuatano usiokatika, na mara nyingi sheria za kodi ndizo zinazomlazimisha, tengeneza jedwali dogo la kihesabio, ulifunge na kulisoma ndani ya muamala ule ule unaohifadhi mauzo.

Ili kujua umefaulu, chukua ukurasa mmoja wa daftari lao wenye siku nzima ya kazi na uingize kila mstari kwa mkono kwenye majedwali yako, bila skrini yoyote. Kama kuna mstari uliokosa mahali pa kukaa, rudi kwenye mchoro.

## Hatua ya 4: Amua nani anaruhusiwa nini

Chora jedwali kwenye karatasi: majukumu upande mmoja, vitendo upande wa pili. Karani anauza lakini habadili bei. Mtunza stoo anapokea mzigo lakini haoni faida. Mhasibu anaona kila kitu na hauzi. Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja ya "mauzo" inayotumiwa na watu wanne inaharibu kumbukumbu zote ulizojenga kwenye hatua ya 3.

Onyo: kuficha kitufe si kuzuia. Karani akiwa kwenye anwani inayoishia `/mauzo/215`, hakuna kinachomzuia kuandika 216. Seva lazima iulize kila ombi linapofika: huyu ni nani, na je, rekodi hii ni haki yake? Orodha ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya hatari kuu za programu za wavuti ya mwaka 2021 iliweka udhaifu wa ruhusa nafasi ya kwanza, na inastahili pale. Asiyeruhusiwa ajibiwe 403 (hairuhusiwi) au 404 (haipo) na data isitoke.

Jaribu kwa kuingia kama karani na kubandika kwenye kivinjari anwani zote za mhasibu, moja baada ya nyingine. Zote zikikataa, endelea.

## Hatua ya 5: Jenga mauzo moja kamili

Usijenge skrini zote nusunusu. Chukua mauzo ya taslimu ya bidhaa moja uyapitishe mwanzo hadi mwisho: fomu, kuhifadhi, tukio la stoo, malipo, risiti. Kisha mwite karani aijaribu siku hiyo hiyo. Kosa la uelewa linalogunduliwa hapa ni la kurekebisha faili chache tu. Likigunduliwa kwenye skrini ya ishirini, ni kazi ya wiki.

Kuna mambo matatu ambayo lazima yawemo tangu toleo hili dogo.

Kwanza, muamala. Kuhifadhi mauzo, mistari yake, tukio la stoo na malipo kuwe kitendo kimoja: vyote vifanikiwe au vyote vighairiwe. Django ina `transaction.atomic`, Laravel ina `DB::transaction`. Bila hilo, seva ikizimika katikati utapata mauzo yasiyo na malipo.

Pili, watu wawili kwa wakati mmoja. Katoni imebaki moja. Karani wa kwanza anasoma salio: 1. Wa pili anasoma: 1. Wote wanauza. Kwa mpangilio wa kawaida wa PostgreSQL hili linawezekana kabisa, hata ndani ya muamala. Dawa ni kuufunga mstari wa bidhaa kwa `SELECT ... FOR UPDATE` kabla ya kusoma salio, ili wa pili asubiri wa kwanza amalize. Mauzo yakiwa na bidhaa nyingi, zifunge zote kwa mpangilio uleule, tuseme kwa kufuata namba za utambulisho. La sivyo makarani wawili wanaweza kungojeana bila mwisho na kanzidata italazimika kumkatisha mmoja.

Tatu, kubofya mara mbili. Mtandao ukiwa wa polepole, mtu hubofya tena. Kila fomu inapofunguliwa itengenezewe ufunguo wa nasibu, uhifadhiwe pamoja na mauzo, na safu yake iwe na kizuizi cha `UNIQUE`. Ombi la pili lenye ufunguo ule ule lirudishe risiti iliyokwisha kutolewa. Kuzima kitufe kwa JavaScript kunasaidia, lakini hakutoshi, kwa sababu ombi linaweza kurudiwa mahali ambapo ukurasa wako hauna sauti.

Namna ya kupima: fungua vivinjari viwili, weka bidhaa yenye salio 1, bofya "Uza" pande zote kwa pamoja. Mmoja apate risiti, mwingine apate ujumbe unaoeleweka kwamba stoo imekwisha. Rudia mara nyingi, kwa sababu hitilafu za aina hii haziji kila mara. Bora zaidi, andika jaribio la kiotomatiki linalotuma maombi kadhaa sambamba na libaki ndani ya mradi.

## Hatua ya 6: Skrini

Karani ataitazama skrini yako siku nzima, amesimama, akiongea na mteja. Kishale kiwe tayari kwenye sehemu ya kutafutia bidhaa ukurasa unapofunguka. Mauzo ya kawaida yakamilike kwa kibodi bila kugusa kipanya. Maandishi yasomeke: mwongozo wa WCAG, wa kurasa zinazotumika na watu wote, unataka uwiano wa utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na mandhari yake.

Ujumbe wa kosa useme kilichotokea na cha kufanya. "Hitilafu imetokea" haimsaidii mtu mwenye foleni mbele yake. "Bidhaa hii imebaki 3, umeandika 5" inamsaidia.

Orodha ndefu zikatwe kurasa kwa kurasa tangu mwanzo, na safu unazotafutia ziwekewe faharasa (index), inayoharakisha utafutaji. PostgreSQL haiweki faharasa yenyewe kwenye safu za `FOREIGN KEY`, jambo linalowashangaza wengi waliozoea InnoDB. Ukurasa ukianza kuwa mzito, hesabu maswali unayoipelekea kanzidata kabla ya kuilaumu seva: mara nyingi utakuta mauzo 100 yanazaa maswali 101, moja la orodha na moja la jina la kila mteja. Yaunganishe yawe moja au mawili.

## Hatua ya 7: Ulinzi wa lazima

Fremuwaki nzuri imekwisha kukufanyia sehemu kubwa ya kazi hii, mradi usiizime.

Nenosiri lisihifadhiwe lenyewe. Hifadhi hashi yake, yaani mfuatano unaotokana nalo lakini usiogeuka kuwa nenosiri tena, kwa kutumia Argon2id au bcrypt. Ukichagua bcrypt, kumbuka inasoma baiti 72 za mwanzo tu. Hashi za MD5 na SHA-256 tupu hazifai hapa kwa sababu zinakokotolewa haraka mno, na haraka hiyo inamfaa anayebahatisha.

Usiunganishe maneno ya mtumiaji na sentensi ya SQL kwa mkono. Tumia vigezo, ili alichoandika kibaki data na kisiwe amri. Maandishi yanayoonyeshwa kwenye ukurasa yapitie kwenye kiolezo kinachozuia HTML. Fomu ziwe na tokeni ya CSRF, inayozuia tovuti nyingine kutuma ombi kwa jina la mtumiaji wako. Kidakuzi cha kuingilia kiwe na `Secure`, `HttpOnly` na `SameSite`.

Siri zote, yaani manenosiri ya kanzidata na funguo za huduma za malipo, zikae kwenye vigezo vya mazingira ya seva, kamwe zisiingie Git. Ikitokea zimeingia, kufuta faili hakutoshi kwa sababu historia inazihifadhi. Badilisha ufunguo wenyewe, mara moja.

Tena, kusanya taarifa za watu unazozihitaji tu. Kama biashara haina kazi na tarehe ya kuzaliwa ya mteja, usiweke safu hiyo. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mwenye mali ndiye atakayeulizwa, na wewe ndiye uliyemjengea.

## Hatua ya 8: Hamisha data ya zamani

Hapa miradi mingi huchelewa, kwa sababu kila mtu alidhani ni kazi ya alasiri moja. Faili za Excel zina mteja mmoja kwa majina matatu, tarehe 03/04 isiyojulikana kama ni Machi au Aprili, na namba za simu zilizopoteza sifuri. Excel pia hutunza tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo namba ndefu za akaunti zilizoandikwa kama namba zimeharibika tayari; zitafute kwenye hati za asili.

Andika programu ya kuhamisha inayoweza kurudiwa, usihamishe kwa kunakili na kubandika. Ifanye isome faili, ikatae mistari yenye shaka na kuiorodhesha pamoja na sababu, kisha mpe mhasibu orodha hiyo aisahihishe. Usibahatishe kwa niaba yake: kuunganisha wateja wawili wenye majina yanayofanana kunaweza kumbebesha mtu deni la mwingine.

Stoo usiihamishe kutoka kwenye karatasi hata kidogo. Ihesabuni kwa mikono siku ya kuanza, na kila bidhaa iingie kama tukio la "salio la kuanzia". Jumla ya madeni kwenye mfumo mpya lazima ilingane na ya mhasibu mpaka senti ya mwisho kabla hujaendelea.

## Hatua ya 9: Seva na nakala rudufu

Zima hali ya kuonyesha makosa kwa kina, yaani `DEBUG` kwenye Django na `APP_DEBUG` kwenye Laravel, maana ukurasa wa kosa humwonyesha mgeni ramani ya nyumba nzima. Washa HTTPS, inayoficha mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Let's Encrypt hutoa vyeti vyake bila malipo, lakini ni vya muda mfupi, kwa hiyo hakikisha vinajihuisha vyenyewe. Kanzidata isifikike kutoka kwenye intaneti; mlango wake, 5432 kwa PostgreSQL, ufungwe kwa nje. Kila badiliko la majedwali lipitie faili za uhamishaji za fremuwaki (zile zinazobadilisha majedwali kwa mpangilio), lijaribiwe kwanza kwenye mazingira ya majaribio.

Kuhusu nakala rudufu, nakusihi uwe mkali. `pg_dump`, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala, kila usiku, faili ifungwe kwa usimbaji fiche na kupelekwa nje ya seva, na taarifa ikufikie *ikishindikana*. Seva ya pili inayonakili ya kwanza papo hapo haihesabiki kuwa nakala rudufu: mtu akifuta jedwali, inafuta pia. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu bado. Kila mwezi chukua faili ya karibuni, irejeshe kwenye kanzidata tupu, fungua mfumo na ulinganishe jumla ya mauzo ya siku iliyotangulia. Andika muda uliotumika, kwa sababu huo ndio muda ambao biashara itasimama siku seva itakapokufa.

## Hatua ya 10: Endesha sambamba, kisha kabidhi

Daftari na mfumo vitumike pamoja mpaka upite mzunguko mmoja kamili wa kufunga hesabu. Mwisho wa mwezi huleta mambo ambayo siku za kawaida hazina: marejesho, riba, madeni yaliyosamehewa, hesabu ya stoo. Kila jioni linganisha jumla mbili. Zikipishana, tafuteni mstari wenyewe uliozitofautisha. Kwa kuwa umehifadhi matukio, utapatikana. Usikubali kauli ya "tofauti ni ndogo".

Ni kazi mara mbili kwa makarani, na watalalamika kwa haki. Waeleze mapema itaisha lini, na uwepo mwenyewe siku za mwanzo. Wakiacha kutumia skrini fulani usiwalaumu. Simama nyuma yao uone wanakwama wapi.

Siku ya makabidhiano, mwenye mali apokee umiliki wa kikoa, seva na hazina ya msimbo, pamoja na maandishi ya jinsi ya kusimamisha mfumo upya. Manenosiri yote uliyoyatumia wakati wa ujenzi yabadilishwe mbele yake.

Kipimo cha makabidhiano ni hiki: mpe mwandaaji programu mwingine, asiyeujua mradi, mashine tupu, hazina ya msimbo, nakala rudufu ya jana na maandishi yako. Asikupigie simu. Akifanikiwa kufungua mfumo na kuchapa risiti ya mwisho ya jana, ikiwa na bei na jina la karani aliyeuza, umekabidhi. Akikwama, rekebisha maandishi pale alipokwama, umpe mashine nyingine tupu aanze tena.